Moshi wa Udi Chini ya Mlango wa Darini

Nazungumza nanyi mlioko Minneapolis na St. Paul, mlioko Rochester na St. Cloud, na ninyi mlio njiani mkitoka zamu, vioo vya gari vimeganda. Leo naomba tuzungumze habari ya tundu moja lililo juu ya vichwa vyenu.

Nianze na kisa. Majuzi, katika zile siku ambazo kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 24 chini ya sifuri, mama mmoja mtu wa Mombasa alinipigia simu. Ananijua kwa sababu kazi yangu kwa miaka kadhaa sasa ni kuziba nyumba za watu, kujaza insulesheni kwenye kuta na darini. Akaniambia, "Mwanangu, hita yangu inanguruma usiku kucha kama lori linalopanda mlima, na bado miguu imekufa ganzi. Njoo uniangalizie, labda imeharibika." Nikaenda. Hita ilikuwa nzima. Madirisha yalikuwa mapya, mlango wa mbele una pazia zito. Mama alikuwa akitarajia wageni baada ya magharibi, kwa hiyo amechoma udi, na chetezo amekiweka juu ya stuli kwenye korido ya vyumba vya kulala.

Nikasimama nikiutazama ule moshi. Ulipanda wima hadi usawa wa kichwa changu, kisha ukajikunja, ukatambaa chini ya dari kana kwamba kuna mtu anauvuta kwa kamba, ukaingia wote katika ufa mwembamba pembeni mwa kibao cheupe. Mama naye akauona. Akauliza, "Huu udi wangu unakwenda wapi?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Kile kibao cheupe ni mlango wa darini. Nyumba nyingi sana za Minnesota zinao, maana juu ya dari na chini ya paa kuna uwazi, na kanuni za ujenzi zinadai uwazi wenye nafasi ya kutosha uwe na njia ya mtu kupita. Tundu lenyewe lisipungue inchi 22 kwa inchi 30, ili fundi apenye kukagua nyaya na mabomba. Katika nyumba nyingi mlango huo ni kipande cha plaiwudi au jipsam kilicholazwa tu juu ya fremu, hakina bawaba wala komeo. Kwingine ni ngazi ya kukunja unayoivuta kwa kamba. Na katika zile nyumba za ghorofa moja na nusu zilizojaa Minneapolis na St. Paul, kuna pia vimlango vidogo kwenye kuta fupi za chumba cha juu, ambamo watoto wanapenda kujificha.

Sisi tunaufungua lini mlango huu? Mara mbili kwa mwaka labda. Darini ndiko yanakokaa masanduku ya safari. Ukirudi kutoka nyumbani, unapanda kiti, unakisukuma kibao, unatupia sanduku, unakirudisha kwa ncha za vidole. Kikikaa upande, kikibaki wazi upana wa kidole, nani atatazama juu? Nimeingia nyumba nyingi za jamaa zetu, Waswahili, Wakongo, Warundi, Wasomali wa Barawa, na nasema hili kwa mapenzi: kibao kilichokaa upande nimekikuta mara nyingi kuliko nilivyokikuta kimekaa sawa.

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika nyumba zinazopumua. Nyumba ya makuti joto lake la mchana linapanda kwenye kombamoyo, linapenya kati ya makuti, linakwenda zake. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale Mombasa zina dari ndefu, na nyingine zina kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu, ili hewa nzito ya mchana ipate pa kutokea. Waliozijenga walijua kwamba hewa ya moto ni nyepesi na itapanda, wakaiachia njia. Tumekuja huku na mazoea hayo mwilini. Ufa juu hautushtui, kwa sababu kule ufa juu ulikuwa faraja.

Hapa ufa huo unafanya kazi ileile, ila joto linaloondoka umelinunua. Usiku wa Januari ndani ni nyuzi 21, nje ni 24 chini ya sifuri. Tofauti ni nyuzi 45. Nyumba nzima inageuka bomba la moshi: hewa uliyoipasha moto inapanda na kutoka juu, na kwa kuwa nyumba haiwezi kubaki tupu, hewa mpya inaingia chini. Inaingia kwenye madirisha ya besimenti, chini ya mlango wa nyuma, mahali ambapo mbao za nyumba zinakaa juu ya msingi, kwenye matundu ya mabomba chini ya sinki. Hewa hiyo inatoka nje, ni baridi kama kisu, nayo inatambaa sakafuni. Ndiyo maana yule mama alikuwa na miguu iliyokufa ganzi. Alikuwa amejaza taulo chini ya mlango wa nyuma, na alifanya vizuri, lakini kilichokuwa kikiivuta ile baridi ndani kilikuwa kule juu ya korido. Baridi ya miguuni mwake ilianzia kichwani.

Sasa niruhusuni nipige hesabu kidogo, kwa kuwa watu wananiambia, "Fundi, tundu dogo namna hiyo lina neno gani na dari nzima imejaa insulesheni?"

Insulesheni hupimwa kwa herufi R. Ichukulie R kuwa ukaidi wa kitu mbele ya joto: namba ikiwa kubwa, joto linapita kwa taabu. Nyumba mpya za Minnesota zimekuwa zikidaiwa R-49 darini. Sasa chukua dari ya futi za mraba 1,000 iliyojazwa yote hadi R-49. Kata tundu moja la inchi 22 kwa 30, ambalo ni kama futi za mraba 4 na nusu, ulifunike kwa plaiwudi tupu. Ukaidi wa plaiwudi hiyo, ukihesabu na utando wa hewa unaotulia juu na chini yake, ni kama R-2. Kwa eneo, tundu hilo halifiki nusu ya asilimia moja ya dari. Lakini gawanya eneo kwa ukaidi, kama hesabu inavyotaka. Dari yote iliyobaki inakupa 20 na kidogo. Kibao peke yake kinakupa 2 na kidogo. Yaani katika kila sehemu kumi za joto zinazovuka dari, karibu sehemu moja inapita kwenye kile kibao. Na ikiwa ni ngazi ya kukunja, ambayo tundu lake ni zaidi ya futi za mraba 8 na mlango wake ni ubao mwembamba kama jalada la daftari, fungu lake linapita moja ya tano.

Na hapo hatujagusa hewa. Hiyo ni hesabu ya joto linalopenya kwenye ubao tu. Ongeza ufa wa robo inchi kuzunguka kibao, ufa ambao macho hayauoni kwa sababu ni mweusi na uko juu. Mzunguko wa kibao ni inchi 104. Zidisha kwa robo inchi, unapata inchi za mraba 26. Hilo ni tundu la inchi 5 kwa inchi 5 na zaidi. Ungeliona tundu la ukubwa huo kwenye ukuta wa chumba cha mtoto wako usingelala kabla hujaliziba, japo kwa nguo.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Huku mchukuzi ndiye anayeletewa bili ya gesi.

Wataalamu wenyewe walichelewa kulijua jambo hili. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton wakiongozwa na Robert Socolow walizipima nyumba za mtaa wa Twin Rivers, New Jersey. Zilikuwa nyumba mpya, darini mna insulesheni, na vitabu vilisema joto la kiasi fulani ndilo litakalopotea. Walipopanda na vipimajoto wakakuta darini ni joto kuliko hesabu ilivyoruhusu. Joto lilikuwa likipanda kwa njia za panya: pembeni mwa mabomba ya moshi, ndani ya kuta za mpakani, popote pale ambapo dari ilitobolewa. Insulesheni ilikuwa imelala pale pale, nzima, na joto limeizunguka. Kutokana na kazi hiyo na nyingine za wakati huo, mafundi wa fani yangu walifundishwa kanuni ambayo leo ndiyo ya kwanza: ziba hewa kwanza, kisha ndipo ujaze insulesheni. Pamba ya insulesheni inapunguza mwendo wa joto, lakini upepo unapita ndani yake kama unavyopita ndani ya sweta lililofumwa kwa uzi mnene.

Naomba niseme kosa langu pia, maana limenifunza kuliko darasa lolote. Nyumba yangu ya kwanza hapa ilikuwa ya miaka ya 1950. Mwezi Machi, theluji ilipoanza kulegea, nikaona doa la rangi ya chai kwenye dari ya korido. Nikamwita fundi wa paa. Akatazama akiwa chini, akaniandikia bei ya paa jipya, na mimi nikaanza kukopa kwa ndugu. Usiku wa kuamkia siku ya kusaini nikapata wazo la kupanda darini na tochi. Nilichokiona sijakisahau. Upande wa ndani wa mbao za paa ulikuwa mweupe. Kila ncha ya msumari uliotokeza ilikuwa imevaa kofia ya barafu, mamia ya misumari, na juu kabisa ya kile kibao changu cha darini barafu ilikuwa nene kama mkate. Paa halikuwa na tundu hata moja. Maji yale yalitoka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Fikirini tunavyoishi. Tuko watu saba katika nyumba ya vyumba vitatu. Maharage yanachemka kwa saa tatu. Pilau la Ijumaa. Watu wanaoga mmoja baada ya mwingine kabla ya kazi. Nguo zinaanikwa besimenti. Maji hayo yote yanakuwa mvuke, mvuke unasafiri na hewa ya moto, hewa inapenya kwenye ufa wa kibao, inakutana na mbao zilizo na baridi ya barafu. Hapo mvuke unaganda. Unajilimbikiza Desemba, Januari, Februari, na siku jua likipiga paa unayeyuka wote kwa pamoja na kudondoka kwenye jipsam. Ukiachwa miaka, mbao zinaota ukungu mweusi, na anayeuvuta ukungu huo ni mtoto mwenye pumu.

Nje nako kuna balaa lake. Darini kukiwa na joto, theluji iliyo juu ya paa inayeyuka kwa chini, maji yanateremka hadi ukingoni mwa paa ambako hakuna joto, yanaganda tena. Barafu inajenga ukuta kwenye ukingo, maji yanayofuata yanakosa njia, yanarudi nyuma na kupenya chini ya vigae. Zile ndimi ndefu za barafu ambazo watoto wanazipenda na sisi tunazipiga picha na kuwatumia watu wa nyumbani, mara nyingi ni habari mbaya kutoka darini.

Basi turudi kwa yule mama. Nilikwenda Jumamosi asubuhi na vifaa, na mjukuu wake wa miaka 14 akawa mshika tochi. Tulitandika shuka kuukuu sakafuni. Tukavaa barakoa zile nzito za mafundi, miwani, glavu, mikono mirefu, kwa maana vumbi la darini halina huruma na mapafu.

Nikakiinua kibao, na kabla ya kugusa kitu chochote nikatazama insulesheni ni ya aina gani. Hapa naomba msikilize kwa makini. Kama ingekuwa chengachenga za kahawia au za dhahabu zinazometameta, zenye matabaka kama kinanda cha kukunjua, ningekifunga kibao taratibu na kazi ingeishia hapo. Hiyo ni vamikulaiti. Zaidi ya asilimia 70 ya vamikulaiti iliyouzwa Marekani kati ya 1919 na 1990 ilitoka mgodi mmoja karibu na mji wa Libby, Montana, na mwamba wa pale ulikuwa na asbesto. Nyingine ilichakatwa hapa hapa, katika kiwanda cha Northeast Minneapolis. Mamlaka ya mazingira ya serikali kuu inashauri uichukulie vamikulaiti yote ya darini kuwa ina asbesto. Usiifagie, usiinyonye kwa mashine, usiweke masanduku juu yake, usimpandishe mtoto. Waite watu wenye leseni ya asbesto. Madhara yake kwenye mapafu hutokea baada ya miaka mingi, wakati umekwisha kusahau hata ile nyumba.

Ya mama ilikuwa seluliosi, karatasi kuukuu zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, rangi ya kijivu. Ilikuwa na kina cha kutosha, isipokuwa kuzunguka tundu. Pale ilikuwa imeporomoka mteremko mzima, kwa sababu kila aliyepitisha sanduku aliikumba. Nyingine ilikuwa imewaangukia vichwani miaka yote hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kujenga ukuta. Tulikata vipande vinne vya plaiwudi vya kimo cha inchi 18, tukavipigilia kwenye boriti kuzunguka tundu, likawa sanduku lisilo na chini wala juu. Kimo hicho hakikuja kwa kubahatisha. Seluliosi inatoa kama R-3.5 kwa kila inchi, kwa hiyo R-49 inahitaji inchi 14, na ukuta lazima uzidi hapo ili insulesheni isimwagike. Kisha nikairudisha ile iliyoporomoka hadi ikajaa nyuma ya ukuta. Nilikanyaga boriti tu. Jipsam haibebi mtu, na nimewahi kuuona mguu wa mwenzangu ukining'inia sebuleni mwa watu.

Halafu fremu. Watu wengi wanaweka ukanda wa povu kwenye kibao na kudhani wamemaliza, kumbe kati ya fremu yenyewe na jipsam ya dari kuna mwanya mwingine uliofichwa na ule urembo wa mbao. Huo tukauziba kwa silikoni upande wa chini na kwa povu la kopo upande wa juu, lile povu lisilovimba sana, kwa sababu linalovimba sana hupinda fremu, na fremu ikipinda kibao hakitakaa tena.

Kile kibao cha zamani nilikitupa. Kilikuwa kimejipinda kama sahani ya mti. Tukakata kipya cha plaiwudi ya robo tatu ya inchi, na juu yake tukabandika mbao nne za povu gumu, kila moja inchi 2. Povu hilo ni la aina inayoitwa polaiso, linatoa karibu R-6 kwa inchi, basi inchi 8 zikatupeleka karibu na R-48. Angalieni gundi, kwa maana gundi nyingine hula povu. Povu lisikae wazi upande wa chumba, libaki nyuma ya plaiwudi au jipsam, kwa sababu likishika moto moshi wake ni sumu. Na lile linalotazama darini liwe la aina iliyoruhusiwa kukaa wazi huko, karatasi ya dukani inaeleza.

Ukanda wa mpira laini tukauzungusha juu ya kizingiti cha fremu, pembe zote zikutane bila mwanya. Na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukanda hauzibi mpaka ubanwe. Kifuniko chepesi kikilazwa tu, upepo wa kwanza unakinyanyua. Tukafunga makomeo mawili, kila upande moja, yale yanayovuta kifuniko chini yakifungwa. Mjukuu ndiye aliyeyazungusha. Akasema yamekaza kama kifuniko cha mtungi wa achari, na kweli ndivyo yanavyotakiwa kukaza.

Kwa mwenye ngazi ya kukunja, huwezi kubandika inchi nane za povu juu ya ngazi. Unachofanya ni kujenga boksi la povu gumu kule darini, linaloifunika ngazi yote ikiwa imekunjwa, viungo vyake vimefungwa kwa utepe wa karatasi ya bati, na chini yake ukanda. Ukipanda unalisukuma kando, ukishuka unalirudisha. Kuna vifuniko vya namna ya hema vyenye zipu vinavyouzwa tayari, navyo vinafaa, lakini soma R yake kabla hujalipa, kwa kuwa vingi ni vyepesi. Na vile vimlango vya kuta fupi katika chumba cha juu, vichukulie kuwa ni milango ya nje. Ndivyo vilivyo. Nyuma yake ni Januari. Povu mgongoni, mpira pande zote nne, na komeo la kubana.

Kuna mambo matatu ambayo nisingelala vizuri nisipoyasema.

Nyumba ikizibwa, moshi wa vifaa vya gesi unaweza kukosa nguvu ya kutoka. Tangi la maji ya moto la zamani hutoa moshi wake kwa kutegemea hewa ipande yenyewe. Nyumba ikiwa imebana, ukawasha feni ya jikoni na ya bafuni kwa pamoja, feni zinaweza kuuvuta moshi ule urudi ndani, na ndani yake mna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Sheria ya Minnesota inataka king'ora chake kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Nyumbani kwa mama kilikuwepo, betri imetolewa kwa sababu kilikuwa kinalia. Niliweka mpya kabla ya kushika msumeno.

Jingine, usizibe matundu ya hewa yaliyo ukingoni mwa paa. Darini kunatakiwa kuwe na baridi na kupite upepo. Tunachokizuia ni hewa ya nyumba kupanda kule, wala hatutaki kulifunga paa. Na hakikisha bomba la feni ya bafuni linatokea nje kabisa. Nimekuta mengi yameishia darini, yanamwaga mvuke wa watu saba juu ya mbao.

Kwa wapangaji, na najua ninyi ndio wengi. Usikate fremu ya mwenye nyumba. Lakini kurudisha kibao mahali pake ni bure, na ukanda wa povu ni dola chache, mwombe ruhusa tu. Pia upo mpango wa serikali kuu unaoitwa Weatherization Assistance Program, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1976, unaofanya kazi hizi bila malipo kwa familia za kipato kidogo. Mpangaji naye anaweza kuomba, mwenye nyumba akikubali. Ulizeni katika ofisi zile zile za jamii mnakopelekea maombi ya msaada wa bili za joto. Wakikubali watakuja na feni kubwa, waifunge mlangoni, inyonye hewa ya nyumba hadi tofauti ya shinikizo ifike Paskali 50, na hapo kila ufa utajitaja. Kasimame chini ya mlango wako wa darini wakati huo. Utausikia ukipiga mluzi.

Tulipomaliza ilikuwa karibu saa kumi jioni, na jua la huku saa hizo limeshaanza kuaga. Mama hakuniuliza kama kazi imekwenda vizuri. Alikwenda chumbani, akarudi na chetezo, akakiweka juu ya stuli ile ile na kuongeza kipande cha udi. Tukasimama watatu, mimi na yeye na mjukuu, tunatazama juu. Moshi ukapanda, ukafika darini, ukatanda taratibu chini ya kifuniko kipya, hauvutwi na mtu. Mama akasema, "Alhamdulillahi." Lakini hatukuondoka, na baada ya dakika kama mbili pembe moja ya ule moshi ikaanza kuinama, pole pole, kuelekea taa iliyozamishwa ndani ya dari karibu na mlango wa bafu. Mjukuu akainyooshea tochi. Jumamosi ijayo tunarudi, na tutaanzia hapo.